Kompyuta Iliyoganda Mikononi mwa Sekretari

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya wasichana huko Kisauni. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kupima asidi, kuunga nyaya za betri kabla ya kipindi cha fizikia, na kuwakataza wasichana wasinuse chupa wasizozijua. Walimu walinipenda kwa jambo moja: kitu kikiharibika sikukitupa, nilikifungua. Mizani ya maabara niliifungua mara tatu na mara zote ikarudi kupima sawasawa. Kengele ya umeme iliponyamaza, ni mimi niliyepanda ngazi na bisibisi mfukoni, nikiwa nimejifunga leso juu ya gauni. Kwa hiyo kompyuta ya ofisi ilipoanza vituko vyake, katikati ya miaka ya tisini, sikuona kwamba hilo lilikuwa jambo la kuogopa.

Kompyuta ilikuwa moja tu shule nzima, nayo ilikaa kwenye meza ya sekretari. Huyu sekretari alikuwa mama wa makamo kutoka bara. Alikuja Mombasa akifuata mume aliyekuwa karani bandarini, akazaa na kulea hapahapa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, ila aliposhikwa na hasira kilirudi kwao. Tangu enzi za taipraita yeye ndiye aliyepiga chapa mitihani yote kwenye stensili. Ukikaa maabara, ukumbi wa pili kutoka kwake, ulisikia vidole vyake kama mvua ya mawe juu ya bati. Kompyuta ilipoletwa, watu walisema hataiweza. Akaiweza kwa muhula mmoja.

Tatizo la kompyuta ile lilikuwa uzee. Ilikuwa nzito kufungua kazi, na mtihani mrefu ulijaza nafasi yake yote. Basi kamati ya wazazi ikamleta fundi kutoka kisiwani Mombasa, mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati jeupe, mkoba wa ngozi, maneno yaliyopimwa. Alibadilisha karibu kila kitu ndani. Aliweka bodi kubwa mpya, prosesa mpya, yaani kile kijipande ambacho ndicho ubongo wa mashine, akaongeza memori, akaongeza na diski ya pili. Kilichobaki cha zamani ni skrini, kibodi na sanduku la bati lililolala mezani, ambalo juu yake ndipo skrini ilipokaa.

Siku ya kwanza baada ya matengenezo hayo, mashine ilikimbia kama imepakwa mafuta. Sekretari alikuwa akicheka peke yake. Haikutimia saa moja, skrini ikaganda. Herufi hazisongi, kibodi haijibu, kurasa mbili za mtihani wa jiografia zikapotea. Akaizima, akaiwasha, akaanza upya. Ikaganda tena.

Fundi akaitwa. Alishusha skrini akaiweka kando, akafungua kifuniko cha sanduku, akaiwasha mashine na kuifanyia majaribio tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haikuganda hata mara moja. Akafunga, akanawa mikono, akamwambia mwalimu mkuu, "Mashine haina neno." Alipoondoka tu, baada ya chakula cha mchana, ikaganda.

Alikuja mara tatu, na mara tatu mambo yakawa hayohayo. Mbele yake mashine ilikuwa nzima kama kigongo, kwa sekretari ilikufa. Mara ya tatu alisimama mlangoni, mkoba mkononi, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hii si taipraita. Hii yataka mkono mwepesi."

Nadhani hakukusudia ubaya. Lakini maneno yale yalipata miguu. Naibu wa mwalimu mkuu, mtu aliyependa kila kosa liwe na mwenyewe, aliyabeba hadi chumba cha walimu. Wakaanza kumwita sekretari Mkono wa Nyundo, kwa mzaha kwanza, kisha kwa mzaha usiokuwa mzaha. Siku chache baadaye akapewa barua ya onyo, kwamba anatumia mali ya shule bila uangalifu. Naibu alikuwa tayari na jina la msichana mwenye cheti cha kompyuta ambaye angeweza kuikalia nafasi ile.

Nilipita ofisini kwake siku hiyo kuchukua karatasi. Alikuwa akibonyeza kibodi kwa ncha ya kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayegusa uso wa mtoto mwenye surua. Mwanamke aliyekuwa akipiga maneno kwa kasi ile! Roho iliniuma. Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, nipe ile mashine wiki ya mapumziko," nikamwambia. "Wasichana watakuwa makwao. Mimi nitakuwapo."

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa Likoni, mtaratibu, asiyekurupuka. Akaniangalia. "Wewe wajua kompyuta?"

"Sijui. Lakini najua kutafuta kosa."

"Na ukiiharibu?"

"Mwalimu, imeshaharibika."

Akacheka kidogo, akanipa ufunguo wa ofisi.

Nilianza kama nilivyozoea kuanza maabara: daftari na saa. Niliandika saa mashine ilipowashwa, saa ilipoganda, kazi gani ilikuwa ikifanywa, nani alikuwa kwenye kiti, jua au mvua. Nilimwomba sekretari aje kupiga chapa kama kawaida yake. Alikuja. Asubuhi ya kwanza aliniona nimekaa nyuma yake naandika, akasimama.

"Hata wewe?" akasema.

"Hata mimi nini?"

"Unaniandika. Wamekutuma uniandike."

Nilimfungulia daftari. Akasoma mistari yangu mmoja mmoja, na kidole chini ya kila neno. Nikamwambia, "Mama, nikiandika kwamba imeganda ukiwa umekaa wewe, nitaandika pia ikiganda nikiwa nimekaa mimi. Daftari halina upande." Akarudi kukaa, ingawa mgongo wake bado ulikuwa mgumu.

Siku mbili hizo niliona mambo mawili. La kwanza, asubuhi na mapema mashine ilidumu karibu dakika hamsini kabla ya kuganda, lakini mchana ilidumu ishirini na tano tu. La pili, taa ya mezani ilififia kila mara fundi wa kuchomelea vyuma aliye ng'ambo ya barabara alipowasha mashine yake. Hapo nikajiona nimepata. Mchana ndipo alipokuwa na kazi nyingi, na mchana ndipo kompyuta ilipokufa upesi. Umeme unashuka, kompyuta inaganda. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilikwenda kumwambia mwalimu mkuu kabla hata ya kujaribu. Naibu alikuwapo, akasikia, akatikisa kichwa.

Nikavuka barabara. Yule fundi wa vyuma alikuwa mzee wa Jomvu Kuu, mwenye miwani myeusi iliyosukumwa hadi kwenye paji la uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Una lango la kuchomewa?"

"Sina lango. Nina ombi. Kesho asubuhi nakuomba usichomee. Kuna mashine yetu nadhani yadhurika na umeme wako."

Akafikiri. "Wataka nikae bure hadi saa ngapi?"

"Hadi adhuhuri, inshallah."

"Haya. Nitapiga rangi milango niliyokwisha kuichomea. Lakini ukiona si mimi, uje uniambie, nisilale na lawama isiyokuwa yangu."

Kesho yake ng'ambo ile palikuwa kimya. Taa ya mezani haikutikisika. Sekretari akakaa kwenye kiti, akapiga chapa, na baada ya dakika arobaini na nane skrini ikaganda kama kawaida.

Uso wangu ulipata moto. Nilikuwa nimemtangaza mtu na kumsimamisha kazi yake, na ushahidi wangu wote ulikuwa taa iliyofifia. Nikavuka tena barabara, nikamwomba radhi. Alikuwa na brashi mkononi. Akasema tu, "Angalau milango imepata rangi." Kwa mwalimu mkuu pia nilikwenda, nikasema nimekosea. Naibu alitabasamu, na tabasamu lile lilinifaa kuliko pole, maana nilirudi ofisini nimeazimia.

Siku ile mchana nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilimwambia sekretari atoke kwenye kiti. Nikawasha mashine, nikafungua ukurasa mtupu, na sote wawili tukakaa mbali, kwenye benchi la wageni, mikono mapajani. Hakuna aliyegusa kitu. Tulikuwa na chupa ya chai na mahamri niliyotoka nayo nyumbani. Alama ndogo ya kuandikia ilikuwa ikipepesa kwenye skrini, ikapepesa, ikapepesa. Dakika ya ishirini na sita ikaacha kupepesa.

Sekretari aliweka kikombe chini. Alinyanyuka, akaenda, akabonyeza kibodi kwa ncha ya kidole. Haikujibu. Akageuka kunitazama na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Si mkono wangu," akasema.

"Si mkono wako, mama. Si mkono wa mtu."

Akataka twende tumwambie naibu papo hapo. Nikamwambia tungoje, maana nilishaumbuka mara moja kwa kwenda na neno kabla ya jambo. Tukipeleka habari, tuipeleke na sababu yake.

Usiku nilikaa nikifikiri kuhusu fundi wa kisiwani. Sikumfikiria kama mtu mbaya. Nilijiuliza tu: yeye anafanya nini ambacho sisi hatufanyi? Mara tatu amekaa na mashine ile saa nzimanzima na haikuganda. Hakuwa na mkono mwepesi kuliko mashine iliyoachwa peke yake. Basi tofauti iko wapi? Na jibu lilipokuja lilikuwa rahisi hata nikaona haya. Yeye alifanya kazi kifuniko kikiwa wazi. Sisi kila mara tulikuwa tumekifunga.

Asubuhi nikafika kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Nikashusha skrini, nikafungua skrubu, nikavua kifuniko, nikawasha. Sekretari akaja, akakaa, nikamwambia apige chapa apendavyo. Akaanza kwa woga. Baada ya saa moja vidole vilianza kukumbuka. Saa mbili, saa tatu. Kufika adhuhuri alikuwa akipiga kwa ile mvua yake ya mawe, na mashine ikameza kila neno. Tukaiacha ikiwaka tukaenda kula. Tuliporudi bado ilikuwa hai.

Mtu mwingine angekomea hapo na kuitumia mashine wazi. Mimi sikuridhika. Kutaja joto haikutosha. Sanduku lilikuwa lilelile la zamani, kifuniko kilekile, na mashine ya zamani ilikuwa ikiwaka humo kutwa bila kuganda. Kipya kilikuwa cha ndani. Kulikuwa na kitu humo ndani kilichokuwa sawa kifuniko kikiwa wazi, kikaharibika kikifungwa, na nilitaka kukishika kwa mkono.

Nikachungulia. Juu ya prosesa palikuwa na feni ndogo, kubwa kiasi cha kiberiti, ikizunguka kwa mlio mwembamba. Kando yake zilikuwapo diski mbili, na kutoka kwenye diski ulikuja waya mmoja bapa wa kijivu, mpana kama utepe wa mshonaji, mrefu kuliko ilivyohitajika. Ulikuwa umekunjwa na kusimama juu kama nundu.

Nikamwambia sekretari, "Zima redio hiyo, mama. Nataka kusikia."

Mashine ikiwa inawaka, nikakichukua kifuniko, nikakiteremsha pole pole. Feni ilikuwa ikilia. Nikateremsha tena kidogo. Ikalia. Kilipobaki upana wa vidole viwili nikasikia tik-tik-tik, kama mende anayetembea juu ya karatasi. Nikakishusha chote. Tik, tik. Halafu kimya.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia imenyamaza."

Nikakiinua. Feni ikajikokota, ikaanza kuzunguka tena. Nikakishusha: kimya. Nikakiinua: mlio. Nilifanya hivyo mara tano, mimi na yeye tukitazamana, hadi tukaanza kucheka kama watoto.

Nikazima umeme. Nikaushika ule waya bapa nikaugeuza upande wa chini, na pale palipokunjwa palikuwa na alama iliyopauka, imekwanguliwa nusu duara, kazi ya mapanga ya feni. Kifuniko kilipofungwa kililisukuma kunjo la waya juu ya feni, na uzito wa skrini ukazidi kulikandamiza. Feni ikakwama, prosesa ikapata moto bila cha kuipoza, na baada ya muda wake ikaganda. Asubuhi kukiwa na ubaridi ilichukua dakika hamsini, mchana wa Kisauni ilichukua ishirini na tano. Kila mstari wa daftari langu ulipata maelezo yake, na fundi wa vyuma akatoka safi.

Dawa yenyewe haikuchukua dakika kumi. Niliukunja waya upya, kwa upande, mbali na feni, nikaufunga kwa kipande cha uzi wa kushonea na kuubana kwenye ukuta wa sanduku. Nikafunga kifuniko, nikapandisha skrini. Tukaiacha ikiwaka kutwa mbili. Haikuganda.

Shule ilipofunguliwa nikawaomba mwalimu mkuu na naibu waje ofisini, na fundi wa kisiwani naye akaitwa. Sikuwahutubia. Niliurudisha waya ulivyokuwa, nikawasha, nikamkabidhi fundi kifuniko. "Kiteremshe pole pole," nikamwambia, "na usikilize."

Akakiteremsha. Mlio ukakoma. Akakiinua na kukiteremsha tena, mara moja tu. Akainama akatazama ile alama kwenye waya kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mabishano, lakini hakubisha. Akasema, "Waya huu nimeukunja mimi." Kisha akamgeukia sekretari, mbele ya wote. "Mama, uniwie radhi. Nilikusingizia."

"Nimekusamehe," akasema sekretari. Hakuishia hapo. Akamwangalia naibu. "Na wewe je, Mwalimu?"

Naibu akakohoa. Akasema mambo ya mashine ni magumu, kila mtu angeweza kukosea, na kwamba la muhimu ni kazi iendelee. Radhi yenyewe hakuiomba, siku hiyo wala siku nyingine. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshafungua kabati la mafaili. Alilitoa la sekretari, akachomoa barua ya onyo, akaichana vipande vinne juu ya ndoo ya takataka, kisha akamwambia sekretari aandike nyingine ya kuifuta, naye mwenyewe ataitia sahihi. Sekretari akakaa. Sikuwahi kuona barua ikipigwa kwa haraka namna ile. Naibu aliondoka kabla haijatoka kwenye printa.

Sekretari alikaa katika kiti kile miaka mingine saba. Yule msichana mwenye cheti akaja kweli, baadaye, kompyuta zilipokuwa tatu, na sekretari ndiye aliyemfunza kupanga mtihani ukurasani. Wakaivana vizuri.

Mimi, fundi wa kisiwani alinirudia baada ya mwezi. Alikuja maabara bila mkoba, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi kati ya mirija na vibano, akaniambia kuna ofisi ya mawakala wa forodha huko Changamwe, karibu na Kipevu, ambako ameweka memori mpya na mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Ameihangaikia wiki mbili. Je, naweza kwenda naye Jumamosi?

"Kabla sijaja," nikamwambia, "nieleze yote uliyoyabadilisha, hata skrubu. Usinifiche."

Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameshayaandika yote, kwa mpangilio, saa na siku. Nikaisoma, nikaona mahali pawili pa kuanzia, na Jumamosi tukaenda.